Kabla ya Kukaza Msimamo, Uliza Nani Anasubiri

Leo naomba tuache kidogo kanitangaze na mbolea ya kukuzia, tuongee jambo lingine ambalo nalo linakula nyanya zetu: ugomvi wa mpakani.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na kikundi cha vijana hapa Olasiti. Tumemaliza kukagua kitalu, tumekaa kivulini tunakunywa chai, mmoja akaanza kusimulia habari za malori yanayozuiwa mipakani. Basi kikao kikageuka bunge. Kijana anayefuga kuku wa mayai akasema, "Tuwafungie tu wiki mbili, watatutafuta wenyewe." Mwenzake anayekodi shamba Ngarenanyuki akamkata kauli: "Wewe mayai yako unauza hapa hapa mjini. Mimi hizo wiki mbili ni msimu wangu wote." Kimya. Halafu wote wakanigeukia: "Afisa, wewe uko upande gani?"

Siku ile nilikwepa. Nikasema mimi ni mtumishi wa umma, mambo ya mikataba yana wenyewe, nikarudi kwenye mbegu. Lakini njiani nilijisikia vibaya, maana lile swali ni la kilimo kabisa. Kutoka hapa mpaka Namanga ni kama kilomita 110. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa mjini kwetu. Nyanya na vitunguu vya upande wa Meru vinaliwa Nairobi, na mboga nyingi za kaskazini zinazokwenda Ulaya hupandia ndege kule kule Nairobi. Mipaka ikifungwa, sisi tunajua kabla ya watu wa Dodoma kujua. Kwa hiyo leo najibu.

Jibu langu ni hili: anayestahili kukaza ni yule anayeweza kusubiri. Nchi isiyoweza kusubiri ikikaza, inajiumiza yenyewe. Na hata nchi ikiweza, lazima tuulize ni nani hasa anayesubiri kwa niaba yake, kwa sababu mara nyingi siyo waziri. Ni wewe mwenye matenga barabarani.

Nilivyojifunza kwa hasara

Niwasimulie kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, nilikuwa nasimamia kikundi cha wakulima wa nyanya. Mnunuzi akaja na Fuso, mzigo unatakiwa kuvuka Namanga. Bei walishakubaliana kwa simu, lakini alipofika shambani na kuona nyanya zimeshachumwa, akaishusha. Wakulima wakaniuliza tufanyeje. Nikawajibu kwa sauti ya mtu ambaye hana hata tenga moja: "Msikubali. Aondoke, atarudi."

Akaondoka. Hakurudi.

Siku ya kwanza tulipiga simu kwa madalali. Siku ya pili zile nyanya zilizokuwa zinaanza kugeuka rangi zikawa nyekundu kabisa. Siku ya tatu tukazipeleka soko la Kilombero, tukauza kwa nusu ya ile bei tuliyoikataa, nauli na ushuru juu yetu. Mama mmoja wa kikundi aliniambia maneno ambayo mpaka leo hayajanitoka: "Mwanangu, ulikaza kwa nyanya zetu."

Jamani, bei ya yule mnunuzi haikuwa ya haki, na leo bado nasema hivyo. Kosa langu lilikuwa jingine: sikuuliza kwanza nani anaweza kusubiri. Yeye alikuwa na gari na mashamba mengine ya kwenda. Sisi tulikuwa na siku tatu.

Tangu siku ile, nikikaa na kikundi kabla ya kuongea bei, naanza na zao lenyewe. Nyanya iliyoiva inakupa siku chache. Maharage machanga ya kwenda nje ndiyo kabisa, yakikomaa kidogo hayana mwenyewe. Kitunguu kilichokaushwa vizuri shingo kinakupa miezi. Mahindi makavu kwenye mifuko isiyopitisha hewa yanakufikisha msimu mwingine. Parachichi la Hass haliivi likiwa mtini, kwa hiyo likishakomaa unaweza kuliacha wiki kadhaa ukatafuta mnunuzi mwingine. Kila zao lina saa yake, na saa hiyo ndiyo inayokuambia ukaze kiasi gani.

Nchi nazo ziko hivyo hivyo. Hebu tuangalie.

Mbaazi za 2017

Mliozaliwa Karatu na Babati hili mnalijua, kama siyo ninyi basi wazazi wenu. Mbaazi zetu zilikuwa zinategemea soko moja kubwa, India. Agosti 2017 India ikaweka ukomo: mbaazi zinazoingia kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Sababu yao ilikuwa ya kueleweka kabisa. Wakulima wao walivuna sana, bei ya ndani ikaanguka, serikali ikawalinda watu wake. Huku kwetu bei ikaporomoka, na mtu aliyetegemea mbaazi kulipa ada akabaki na magunia ndani.

Sasa niambie, sisi tungekaza vipi? Hatukuwa na soko la pili lenye ukubwa ule. Sisi wenyewe mbaazi tunazipenda, lakini hatuli za kumaliza mavuno yote. India ilikuwa na ghala limejaa, ilikuwa na uwezo wa kusubiri mwaka mzima. Sisi hatukuwa nao.

Lakini angalieni jirani yetu wa kusini. Msumbiji ilitia saini makubaliano na India Julai 2016, mwaka mmoja kabla ya tatizo: India inunue tani 100,000 mwaka wa kwanza, ziongezeke kidogo kidogo mpaka 200,000 mwaka wa tano. Ukomo ulipowekwa 2017, Msumbiji ikabaki na nafasi yake kwa sababu ya ile karatasi. Mbaazi ni zile zile, bahari ni ile ile. Hawakuwa wakali kuliko sisi. Waliongea mapema, wakati India inazihitaji mbaazi na hakuna aliyekasirika.

Hilo ndilo somo la kwanza ninalotaka kijana alishike. Watu wanadhani majadiliano ya biashara ni siku ile waziri anapogonga meza. Hapana. Siku ya kugonga meza nguvu yako imeshapimwa. Ulichofanya mwaka uliotangulia, kutafuta mnunuzi wa pili na kusaini makubaliano, ndicho kinachokaa na wewe mezani.

Ulaya: aliyebanwa na aliyepumua

Kesi ya pili iliwahi kuwasha moto hapa Arusha kwa sababu ni ya Jumuiya: ule mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, maarufu kama EPA. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda walisaini. Tanzania ikakataa, na Novemba mwaka ule Bunge letu nalo likasimama upande wa kukataa. Hoja yetu kubwa ilikuwa viwanda vichanga: bidhaa za Ulaya zikiingia bila ushuru, viwanda vyetu vitapumulia wapi?

Mitaani watu wakasema Tanzania ni wanaume, Kenya ni waoga. Mimi sikubaliani. Kila mmoja alifanya kulingana na saa yake.

Tanzania tuko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa. Nchi za kundi hilo zinauza Ulaya bila ushuru na bila ukomo, kila kitu isipokuwa silaha, hata bila mkataba. Kwa hiyo tukisema hatusaini, mboga na maua yetu siku ya pili yake yanaingia vile vile. Tulikuwa na pa kusubiria. Kenya haiko kwenye kundi hilo. Oktoba 2014, tarehe ya mwisho ilipopita bila mkataba, maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru Ulaya, na hali hiyo iliendelea mpaka Desemba. Waridi halisubiri, na mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha hasubiri. Ndiyo maana Kenya ikaendelea kutafuta njia, na Desemba 2023 ikasaini mkataba wake peke yake na Umoja wa Ulaya. Ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Sasa linalotuhusu sisi. Lile kundi tulilomo siyo la milele, wala hatutakiwi kutamani kubaki humo. Nchi ikitolewa kwenye kundi, Ulaya inaipa miaka mitatu ya mpito, halafu ile nafuu inakwisha. Kijana anayepanda Hass leo anaanza kuvuna vizuri mwaka wa tatu au wa nne, na mti wake unaweza kuzaa miaka mingi sana baada ya hapo. Huo mti utakutana na siku ambayo Tanzania itakaa mezani na Ulaya bila ile akiba. Ningependa siku hiyo tuwe tumeshajipanga, tusiwe tunasimulia tu jinsi tulivyokaza 2016.

Namanga: mara mbili, njia mbili

Turudi nyumbani. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuteketezwa kwa moto. Sababu zilizotolewa: viliingia bila kibali na kulikuwa na hofu ya mafua ya ndege. Kipindi kile kile ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho walipigwa mnada.

Mimi ni mtu wa ugani. Najua ugonjwa ukiingia bandani hauulizi uraia wako, na karantini siipingi. Sheria ikisema kibali, basi kibali. Lakini kama mbinu ya majadiliano, nauliza: tulikuwa tunataka Kenya ifanye nini? Hakukuwa na dai, hakukuwa na tarehe, wala mlango wa kurudi. Kulikuwa na moshi tu. Na familia za Kimaasai ziko pande zote mbili za ule mpaka, leo mvua iko kwao, kesho iko kwetu. Ukali usio na dai unampa mwenzako kitu kimoja tu, kinyongo, na kinyongo huwa kinakuja kulipwa na mtu ambaye hakuwepo.

Sasa linganisha na Machi 2021. Tarehe 5 mwezi ule Kenya ilitoa barua kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kwamba yana sumukuvu. Barua ya ghafla. Malori yakasimama, madereva wakalala chini ya magari, wafanyabiashara wakahesabu riba ya mikopo. Wengi, mimi nikiwemo, tulikasirika. Vijiweni ilikuwa "na sisi tuwafungie".

Hatukuwafungia. Ndani ya wiki moja Kenya ilibadilisha kauli: mahindi yaingie, lakini mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ijulikane yametoka wilaya gani. Mei mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa hajafikisha hata miezi miwili madarakani, alikwenda Nairobi, akakutana na Rais Uhuru Kenyatta, na mahindi yaliyokwama mpakani yakawa moja ya mambo waliyoyapatia njia.

Je, tulilegeza? Ndiyo, tulilegeza. Tulikubali masharti. Na mimi nasema tulifanya vizuri, kwa sababu sumukuvu siyo hadithi ya Wakenya. Mwaka 2016 watu wetu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Sharti ambalo hata wewe ungepaswa kujiwekea mwenyewe siyo sharti la kupigania.

Lakini tusidanganyane kwamba kulegeza ni bure. Cheti kina gharama na kina foleni. Mfanyabiashara wa malori kumi anaigawa gharama hiyo hata haioni. Mama wa magunia kumi na tano anaiona vizuri sana, na wapo walioacha kuvusha au wakawa wanamuuzia mkubwa kwa bei ya chini. Kwa hiyo kwenye kulegeza nako lazima uulize nani analipa.

Na tukiwa wakweli, mlango huu hata sisi tumewahi kuufunga. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi yasitoke nje ya nchi, kwa nia ya kulinda chakula. Nia nzuri. Lakini mnunuzi wa Nairobi anayekuta mlango umefungwa mwaka huu, mwaka kesho anaulizia Uganda na Zambia kwanza. Kuaminika nako ni akiba, na kunaliwa kama akiba nyingine yoyote.

Ukali ninaoukubali

Msije mkasema Afisa anahubiri upole tu. Aprili 2025 Tanzania ilikaza, na mimi nilipiga makofi.

Malawi ilikuwa imezuia bidhaa zetu kama unga, mchele, tangawizi na ndizi. Afrika Kusini kwa miaka mingi ilikuwa haipokei ndizi zetu, huku matufaha na zabibu zao zikijaa masokoni kwetu. Waziri wa Kilimo wakati ule, Hussein Bashe, akatoa tangazo: msipofungua ifikapo tarehe 23, na sisi tunazuia mazao yenu. Tarehe ikafika, zuio likatangazwa. Ndani ya siku chache wale wenzetu wakatafuta mazungumzo, zuio likaondolewa, vikao vikaanza.

Kwa nini nilikubali? Kwa sababu nne.

Kwanza, dai lilikuwa wazi: fungueni bidhaa hizi. Pili, kulikuwa na tarehe, mwenzako ana muda wa kugeuka bila aibu. Tatu, waliokuwa na haraka walikuwa wao. Tufaha la Afrika Kusini nalo linaharibika njiani kama nyanya yetu, na Malawi haina bahari, mzigo wake mwingi unapita kwetu kwenda na kutoka bandari ya Dar es Salaam. Sisi tukikosa tufaha tunakula embe. Nne, lilipopata mazungumzo, lile zuio liliondolewa haraka. Halikugeuka kuwa fahari ya kuendelea nayo.

Mwaka mmoja nyuma yake tuliona mtindo huo huo kwenye ndege. Januari 2024 Kenya ilikuwa imenyima ndege yetu ya mizigo ruhusa ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Tanzania ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Kenya Airways haitatua Dar es Salaam kutoka Nairobi. Mawaziri wakaongea, na kabla tarehe yenyewe haijafika jambo likaisha. Kwa sisi tunaosafirisha mboga mbichi, ndege ya mizigo siyo mambo ya matajiri. Ni jokofu letu.

Lakini hata hapo Aprili 2025 nina angalizo. Mkulima wa mpakani na Malawi, Mbeya na Songwe, ana wateja upande wa pili. Wiki moja anaweza kuvumilia. Mwezi ungemmaliza. Ukali ule ulifaa kwa sababu ulikuwa mfupi. Ungechukua miezi mitatu, leo ningekuwa naandika makala nyingine.

"Afisa, unatufundisha uoga"

Najua yupo atakayesema hivi: mataifa makubwa yanakaza kila siku, yanapandisha ushuru yanavyotaka, na yanaheshimiwa. Sisi tukiongea kwa adabu tunaonekana wajinga. Mnyonge asipopiga kelele ataliwa.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kuna heshima isiyopatikana bila mtu kujua kwamba unaweza kusema hapana. Mnunuzi aliyegundua kwamba kikundi fulani hakikatai kamwe, kila msimu atashusha shilingi hamsini zaidi. Nchi ni hivyo hivyo. Ndizi zetu zingeendelea kukaa nje ya mlango wa Afrika Kusini miaka mingine kumi kama hakuna mtu aliyesema basi.

Ila mataifa makubwa yana pa kusubiria. Yana soko la ndani la mamilioni ya watu wenye fedha, yana maghala, yana mabenki ya kumbeba mkulima wao mpaka mwaka mwingine. Ukiiga sauti yao bila kuwa na ghala lao, unakuwa kama mimi siku ile shambani. Sauti ilikuwa yangu, nyanya zilikuwa za wenzangu.

Na kulegeza kwenye jambo dogo ili upate kubwa siyo uoga. Novemba 2022 tulipata makubaliano ya kuuza parachichi China. Kuingia kule kunataka mashamba na nyumba za kufungashia vilivyosajiliwa, na udhibiti wa wadudu kama inzi wa matunda. Tungeweza kukasirika kwamba wanatudharau. Tukakubali kufuata. Soko lile ndilo linalompa mkulima wa Hass pa kukimbilia siku mnunuzi wa Ulaya akileta masihara. Yaani kulegeza kwa China kunatupa uwezo wa kukaza kwa mwingine.

Sasa wewe shambani

Wewe siyo waziri. Lakini kila msimu unakaa mezani na mtu, na kuna mambo yapo mikononi mwako.

Usipande kabla ya kujua masoko mawili. Simaanishi madalali wawili wa Fuso moja. Kama soko lako la kwanza liko ng'ambo ya Namanga, la pili liwe la ndani: Tengeru, Kilombero, Dar es Salaam, hoteli, kiwanda. Hata kama la pili linalipa kidogo, ndilo linalokupa mdomo wa kusema hapana kwa la kwanza.

Changanya saa za mazao. Ukiwa na ekari mbili zote za nyanya, wewe ni wa kubembeleza. Ukiwa na ekari ya nyanya na ekari ya kitunguu au mahindi unayoweza kuhifadhi, una mkono mmoja wa kulegeza na mwingine wa kukaza.

Karatasi ziwe tayari kabla ya ugomvi. Cheti cha usafi wa mimea kinatolewa na TPHPA, na makao yao makuu yako hapo Ngaramtoni, siyo mbali. Kwa mzigo mdogo wa kwenda nchi za Jumuiya, wenye thamani isiyozidi dola 2,000, upo utaratibu rahisi wa cheti cha uasili kinachopatikana pale pale mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Vijana wengi hawaujui, wanampa fedha mtu wa katikati kwa kitu ambacho wangekipata wenyewe.

Kwa mahindi, kausha juu ya turubai, usianike kwenye udongo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Siku ikitoka barua nyingine kama ile ya Machi 2021, malori yatakayovuka kwanza ni yale yenye mahindi yaliyopimwa. Hayo hayahitaji waziri kuyatetea.

Mkiwa kikundi, kubalianeni kabla mnunuzi hajafika: bei gani hatushuki chini yake, tunaweza kusubiri siku ngapi, na nani kati yetu hawezi kusubiri kabisa. Hilo la tatu ndilo vikundi vingi vinaliruka. Yupo mwenzenu ana mtoto amelazwa, yupo ana marejesho ya mkopo Ijumaa. Mkikaza bila kumhesabu, usiku atauza peke yake na msimamo wenu utaishia hapo. Tengenezeni mfuko mdogo wa kumshikilia, au mzigo wake uuzwe kwanza.

Na ukikataa, kataa kwa dai na kwa tarehe. "Bei hii hatuiwezi. Tukipata mia moja zaidi kwa kilo tunapakia kesho asubuhi." Hapo mtu ana pa kurudia. Ukimtukana, hata akitaka kurudi ataona aibu.

Haya basi, vijana wangu wa Olasiti, jibu lenu ndilo hilo. Wa kuku wa mayai, una haki ya kutaka nchi yako iheshimiwe, na siku nyingine nitapiga makofi pamoja na wewe. Wa Ngarenanyuki, una haki ya kuuliza hizo wiki mbili analipa nani. Mimi ningependa kila anayekwenda mezani kwa niaba yetu awe amekusikiliza wewe kwanza. Na sisi tusio na matenga tujifunze kutokaza kwa nyanya za watu.

Wiki ijayo turudi kwenye kazi yetu ya kawaida: namna ya kukausha shingo ya kitunguu ili kikae stoo bila kuoza. Sasa mmeshajua kwa nini nalichagua somo hilo.